Homer akihamia Kyela, nani atakaa kwenye kochi?

Wiki hii naomba tuziache kidogo habari za nani kaonekana na nani ufukweni. Tuongelee katuni. Usifunue ukurasa kwanza, maana humu ndani kuna dingi, kuna maza, kuna mkwe, na kuna swali moja ambalo mwenzenu linaninyima usingizi.

Tuanze na jina. Marekani kulikuwa na kampuni ya vitabu vya katuni iliyoitwa Bongo. Ndiyo, Bongo hii hii unayoitamka wewe. Mwonyeshe kijana yeyote wa pale stendi jalada lao, lenye watu wa rangi ya njano wenye macho kama mayai ya kuchemsha, asome na hilo neno Bongo pembeni, ataapa kwamba kazi imechapwa Kariakoo. Wapi! Bongo yetu sisi ni ubongo, kwa sababu mjini usipoutumia hufiki mwisho wa mwezi. Bongo yao wao ni sungura. Tena sungura mwenye sikio moja tu, aliyechorwa na jamaa anayeitwa Matt Groening katika katuni zake za Life in Hell, alizozianza mwaka 1977. Mwaka 1993 jamaa akaungana na wenzake, Bill Morrison pamoja na Steve na Cindy Vance, wakafungua kampuni, wakaipa jina la yule sungura, wakaanza kuchapa Simpsons Comics.

Sisi watu wa ziwa hatushangai. Vuka Songwe pale Kasumulu uingie Malawi, uwaulize wazee habari za Kalulu. Sungura kumwangusha tembo kwa maneno matupu ni habari ya kawaida huku. Wenzetu walichotuzidi ni kimoja tu: wao walimpeleka sungura wao benki.

Kwa wale ambao hawajawahi kukutana na hii familia ya njano, nawapa kwa ufupi. Kuna baba, Homer, mnene, mpenda bia na donati, ambaye kazi yake ni kuangalia usalama kwenye mtambo wa nyuklia. Ukishamjua tabia, huwezi kulala mji huo. Kuna mama, Marge, nywele za bluu zimesimama kama mnara wa simu. Halafu Bart, miaka 10, mtundu asiyefundishika. Lisa, miaka 8, akili nyingi mpaka anaudhi. Na Maggie, mtoto mchanga asiyetoa chuchu ya plastiki mdomoni. Groening hakusumbuka kutafuta majina. Baba yake mzazi aliitwa Homer, mama yake Margaret, dada zake Lisa na Maggie. Ni Bart tu aliyepata jina la kuundwa, kwa kupangua herufi za neno la Kiingereza linalomaanisha mtoto asiyesikia. Sasa fikiria wewe ndiye umemchora dingi wako, jina lake hilo hilo, kitambi hicho hicho, umemweka kwenye TV dunia nzima imcheke. Huku ungelala wapi? (Na Homer ukilitamka Kiswahili linakuwa Homa. Na kweli jamaa ni homa ya nyumba.)

Walianza mwaka 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha mchekeshaji Tracey Ullman. Tarehe 17 Desemba 1989 wakapata kipindi chao wenyewe cha nusu saa, na mpaka leo bado kinaendelea. Kwa hiyo kwao TV ndiyo mama na kitabu ndiye mtoto. Watu walishamzoea Homer akitembea na kuongea, ndipo wakauziwa akiwa amesimama kwenye karatasi.

Haya, sasa rudisha saa mpaka huo mwaka 1993, lakini uwe Kyela. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970, sisi huku bara tukasubiri hadi 1994 ndipo ITV na wenzake wakaanza kurusha. Ng'ambo ya Songwe ndiyo usiseme: Malawi walisubiri mpaka 1999. Mwaka ambao Wamarekani walikuwa wameshiba TV mpaka wanaigeuza vitabu, ncha yote hii ya kaskazini ya ziwa, kwao na kwetu, kioo kilikuwa cha kunyolea ndevu. Mwenye deki ya video alikuwa bosi, na watu walichungulia dirishani kwake.

Je, tulikosa katuni? Thubutu! Tangu mwaka 1984 tulikuwa na Sani, iliyoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Chukua herufi mbili za mwanzo za Saidi na mbili za Nico, unapata jina la gazeti. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Kipepe. Mkono uliowatia uhai zaidi ya mikono yote ulikuwa wa Philip Ndunguru, jina ambalo watu wa Mbinga wakilisikia wanaitika. Alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana kabisa, na wachoraji wengine wakawachukua watoto wake wa karatasi wakaendelea kuwalea. Bart Simpson alipotokea mara ya kwanza, Sani ilikuwa na miaka mitatu. Kwa hiyo mtu asije akakudanganya kwamba utundu wa kwenye karatasi tumeletewa na meli.

Gazeti lilipanda basi Dar likatembea zaidi ya kilomita 900, likapita Iringa, likapita baridi ya Tukuyu, likaja kuteremka hapa kwenye jua. Nakala moja ilikuwa mali ya mtaa mzima. Inaanza kwa mwenye duka, inakwenda kwa kinyozi, inapita kwa vijana wa kijiweni, inarudi haina jalada, mwisho wake inafungia maandazi, na hata hapo mtu anakula andazi huku anasoma Lodi Lofa kaachwaje safari hii. Kuna watu wazima leo wanasoma vizuri Kiswahili kwa sababu ya yale mafuta.

Sasa sikiliza swali langu. Kina Lodi Lofa, Ndumilakuwili na wenzao, kwa sehemu kubwa ni watu wa njiani. Unawakuta barabarani, baa, kwenye foleni, nyuma ya msichana asiyewataka, mbele ya mtu wanayemdai au anayewadai. Simpsons wao ni watu wa ndani. Vipindi vingi vinaanza na familia nzima inakimbilia kochi moja, baba, mama, watoto watatu, wanabanana mbele ya TV. Hilo kochi ndilo injini ya kichekesho chote. Kwa nini watu wa huku, wacheshi namna hii, hatumzoei dingi wa nyumbani kama kiroja cha wiki, wiki baada ya wiki?

Usiniambie eti Waafrika hatumcheki baba. Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, mwanamume mwenye nyumba yake na mke wake, na watu wakamcheka kwa miongo mingi bila mbingu kuanguka. Na huyu Gado anayewachora marais wanatoka jasho, jina lake kamili ni Godfrey Mwampembwa. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, makali yake akayaonyesha akiwa Nairobi, lakini jina kama hilo likiitwa kwenye soko la Kyela, watu kumi wanageuka. Kwa hiyo mkono upo na mdomo upo. Mimi nadhani tatizo ni kochi.

Nieleze. Miaka ya 1934 hadi 1938, Godfrey na Monica Wilson walikuja kukaa huku kwetu kuwachunguza Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu, Good Company, ambacho wasomi duniani wanakijua kuliko sisi tulioandikwa. Kilichomshangaza ni hiki: mtoto wa kiume akifika miaka 10 au 11 alikuwa hakai tena kwa baba yake. Anatoka na wa rika lake, wanajenga vibanda vyao pembeni, wanakuwa na kijiji chao wenyewe. Wakikua wanaoa humo humo, wake wanahamia humo. Baba na mtoto, kila mmoja na kijiji chake. Kukaa vizuri na wenzako wa rika, kupiga soga, kula pamoja, kuliitwa ukwangala, na mtu asiyeuweza alionekana ana kasoro.

Umeshaona? Bart ana miaka 10. Ana miaka 10 tangu 1987, hazeeki. Kwa Kyela ile, Bart ndiyo kwanza ameshahama! Homer anarudi kutoka kazini, kochi lote la kwake, hana wa kumkaba koo. Kipindi kimekwisha kabla ya wimbo wa mwanzo.

Lakini subiri. Hao vijana walikuwa hawapiki. Walikuwa wanakwenda kula kwa mama zao, na hawaendi mmoja mmoja, wanakwenda kundi zima. Leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Nauliza: kuna kichekesho gani Springfield kinachoufikia mlango wa mama aliyepika ndizi za watu watatu, anainua macho anaona kundi zima la Bart linakuja kwenye mgomba, limenawa mikono tayari?

Halafu kuna ingamwana. Mnaojua mnajua. Mke wa mtoto na baba mkwe walikuwa hawaangaliani. Akimwona njiani anapinda porini. Jina la baba mkwe hatamki, na siyo jina tu, hata neno la kawaida linalofanana na jina hilo analikwepa anatafuta lingine. Kama jina la mzee linafanana na neno la maji, basi maji nayo yanabadilishwa jina, na nyumba nzima inabidi ielewe anaomba nini. Vijiji vya marika vilishakwisha, ardhi ilivyobana na wanaume walivyokwenda kutafuta kazi Chunya na kwenye migodi ya mbali. Ila waulize bibi zenu habari za ingamwana, muone wanavyocheka huku wanaziba mdomo.

Mchora katuni akipewa hii, anataka nini tena? Mke anayeongea, na kila akifungua mdomo maneno yake yanapiga kona!

Hebu nikuchoree kwa maneno. Kijisanduku cha kwanza: mke kijana anatoka kuteka maji, ndoo kichwani, migomba huku na kakao kule. Cha pili: kengele ya baiskeli, kring kring. Kwa nchi hii tambarare baiskeli ni miguu, na hii kengele anaijua, ni ya baba mkwe. Cha tatu: ndoo imebaki katikati ya njia peke yake, mke kazama kwenye kakao. Cha nne: mzee naye kaona ndoo, kaijua ni ya nani, na kwa heshima yake kazamia upande wa pili, baiskeli na vyote. Cha tano: njia tupu, ndoo katikati. Kila mmoja kajificha anamsubiri mwenzake apite. Cha sita: wingu la kungu linakuja kutoka ziwani, wale wadudu wadogo wanaopanda kama moshi, linawapitia wote wawili, hakuna anayethubutu kupiga chafya. Cha saba: nyumbani wali umeungua, mchele wa Kyela jamani, ile harufu! Cha nane anatokea mtundu wa miaka 10, anasimama kwenye ndoo, anatangaza kwa sauti kwamba kwa shilingi 500 anamtoa mama mdogo, kwa 1,000 anamtoa babu, na kwa 2,000 hatamwambia mtu.

Huyo ndiye Bart wa kwetu. Hajamtukana mtu. Kasimama tu pale ambapo heshima ya wakubwa imejifunga fundo, akafungua biashara.

Na Homer wa kwetu ningemfanya karani wa mizani ya kakao, aliyelala na kalamu sikioni huku foleni imezunguka ghala. Jirani mlokole tunao wa kutosha, hatuhitaji kumwagiza Flanders. Kilabu kipo. Na masika Songwe na Mbaka zikijaa, familia nzima juu ya meza moja, hilo ndilo kochi letu.

Hapa ndipo raha ya karatasi ilipo, na Wamarekani wenyewe waliigundua. Kwenye TV kila kitu ni gharama: waigizaji wa sauti, maelfu ya michoro kwa nusu saa moja, muziki. Kwenye kitabu wino wa kuchora nyumba na wino wa kuchora mafuriko ni ule ule. Toleo la kwanza kabisa la Simpsons Comics lilikuwa na hadithi ya Homer kukua akawa jitu, The Amazing Colossal Homer, na mwaka 1994 likawaletea tuzo ya Eisner ya hadithi fupi bora. Halafu msomaji anakaa na ukurasa anavyotaka. Anarudi nyuma, anasoma kibao kilichoandikwa dukani, anaona kuku aliyejificha nyuma ya mlango.

Turudi kwenye lile lililoninyima usingizi: nani anaruhusiwa kumcheka dingi? Maana tusidanganyane. Zipo nyumba ambazo mzee akirudi na pesa ya kakao imeishia njiani, hakuna anayepumua. Watoto wanasoma uso wake kama watabiri wa hali ya hewa. Wanajua sababu, maza anajua, jirani anajua, na wote kimya mpaka asubuhi. Mtoto wa nyumba hiyo ukimpa Homer wa Springfield atacheka mpaka alie, na anajua anamcheka nani. Ila hawezi kumwonyesha mzee ule ukurasa akamwambia baba, tazama. Mnjano yule yuko mbali mno. Mzee ataona Mzungu mjinga tu, atarudisha kitabu, ataomba maji ya kunawa.

Kwa hiyo lazima awe wa kwetu, na lazima awepo mwenye haki ya kumsema. Springfield hawana. Babu yao, baba yake Homer, wamempeleka nyumba ya wazee, akija anaongea peke yake wanasinzia. Huku babu na mjukuu ni watani. Mjukuu anamwita babu mume mwenzake au mchumba, babu anamtukana mjukuu sura, na hakuna kesi. Babu peke yake ndiye anayekumbuka dingi alipokuwa na miaka 10, alivyoiba ndizi, alivyokimbia shule akakutwa Karonga. Mjukuu anauliza, babu anasimulia, dingi kakaa pale pale kwenye kochi anasikia yote na hawezi kumnyamazisha baba yake mzazi. Mchoraji anachora masikio ya dingi tu, yanavyozidi kuwa mekundu kutoka kijisanduku hadi kijisanduku. Mzee wa kweli akiusoma ukurasa huo, anamcheka babu kwanza. Akifika masikio, ameshachelewa kukasirika.

Wenzetu kitabu chao kimekwisha. Simpsons Comics ilifika toleo la 245 mwezi Oktoba 2018, ikafungwa, na Bongo ya sungura ikafunga nayo, miaka 25 kamili. TV inaendelea, karatasi ilishindwa. Wanunuzi wa karatasi wamepungua duniani kote na mimi siwezi kumwambia kijana wa Ipinda akakope achape nakala elfu tano. Akichora kwenye daftari la mistari, akapiga picha kwa simu, ukurasa umefika Mbeya kabla ya basi kuwasha injini. Sani ilitaka basi na kilomita 900. Huyu anataka bando.

Msinitumie tu Homer aliyevalishwa kaunda suti mkaniambia ni Mnyakyusa. Namjua Homer, hata akivaa nini. Nitumieni masikio ya dingi. Nitumieni mama anayehesabu vichwa vya kundi linalokuja na kuongeza maji kwenye mboga. Na wewe dada uliyenisimamisha pale sokoni ukanieleza neno ulilokuwa unatumia badala ya chumvi, kwa sababu ya jina la mzee wa nyumbani kwa mumeo, chora hilo kabla ya yote. Mzee usimwonyeshe uso. Baiskeli yake inatosha, imeegeshwa kwenye mgomba, na ndoo yako katikati ya njia.